Kofia ya Pama na Neno la Bwana Mdogo

Cheyo, Tabora
Jumapili baada ya misa, Agosti 1951

Kwa Dada yangu mpendwa Eustadia,

Shikamoo, na tena shikamoo. Ya kwanza najua utaiitikia ukiwa bado umesimama mlangoni na barua mkononi. Ya pili ni ya ukiwa umeshaketi. Natumaini goti limetulia, na kwamba unakwenda shambani bila ile fimbo ambayo unasema si fimbo, ni kijiti tu cha kufukuzia mbuzi. Shemeji Alois naye natumaini kifua kimemwachilia, na amekwisha kuzoea kelele za mabehewa ya Mpanda yanayogongana hapo Kaliua alfajiri. Mwambie mimi nilizaliwa karibu na kanisa lenye kengele na nikazoea, sembuse yeye.

Mimi ni mzima. Meno yangu ni yale yale uliyoyaacha, tumbo limeongezeka kidogo, na lile koti la harusi ya Marcelina sasa linakubali kifungo kimoja tu, cha juu. Marcelina mwenyewe na mumewe wako salama huko Igunga. Wamevuna mpunga wa kutosha, na mjukuu wetu ameanza kutembea, ingawa mama yake anasema anatembea kama mimi, yaani anatangulia tumbo.

Dada, ninakuandikia kwa haraka kwa sababu gari moshi hupeleka habari upesi kuliko posta. Kabla ya barua hii kufika, huenda mtu fulani mwenye kikapu amekwisha kushuka hapo Kaliua akakuambia kwamba mdogo wako Hilari alifanya jambo barazani, tena mbele ya Mzungu. Ni kweli nilifanya. Lakini nataka ulisikie kwangu, kwa mpangilio wake. Na tafadhali usirukie mwisho wa barua. Nakujua.

Mambo yalianza Jumamosi ya wiki iliyopita. Alikuwa anakuja mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam, na sisi watu wa boma tuliambiwa twende stesheni kumpokea, makarani mbele, matarishi nyuma, na mimi mkalimani katikati kama kawaida yangu. Nikaona jambo kubwa namna hii haliwezi kukutana na kichwa changu kikiwa wazi, hasa siku hizi ambapo kinang'aa. Nikaenda dukani kwa Velji, yule Mhindi wa nguo karibu na soko, nikachagua kofia ya pama ya rangi ya majivu yenye utepe mweusi. Velji alinishikia kioo akasema nimefanana na mtu wa Nairobi. Hakusema mtu gani, nami sikuuliza.

Basi nimesimama pale jukwaani, kidevu juu, gari linapiga honi kwa mbali, mara namwona Maua.

Maua unamjua, ila labda jina limekutoka. Ni yule Mzaramo anayeuza kahawa na maandazi karibu na lango la stesheni. Mumewe alikuwa fundi wa reli, akafariki hapa, akazikwa hapa, naye akabaki hapa, akisema hawezi kumwacha mume wake peke yake katikati ya Wanyamwezi. Ni yeye aliyekuja kwenye msiba wa marehemu mke wangu Josepha. Unakumbuka? Ile siku ya tatu, sote tumekaa kama magunia, akatokea chumbani amejifunga kanga ya marehemu, anatembea kwa mwendo ule ule wa marehemu wa kuburuta ndara, akaja akasimama mbele yangu akanikemea kwa sauti ile ile: Hilari, nani kakuruhusu kuongeza sukari? Watu wote walishika pumzi. Mtu asiye mtani angefanya vile, angepigwa. Yeye ni mtani wetu, akafanya, na mimi ambaye sikuwa nimekula wala kusema tangu mazishi, nilicheka mpaka machozi ambayo yalikuwa yamekataa kutoka yakatoka yote kwa pamoja. Kisha akanipa uji, nikanywa.

Huyo ndiye Maua. Siku hiyo ya mgeni alinizunguka taratibu, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe na hajaridhika na kwato. Halafu akapaza sauti stesheni nzima isikie. "Jamani watu wa Unyanyembe, mpagazi huyu nani kamvika kofia? Babu yake alipita kwetu na pembe ya ndovu begani, kichwa wazi, ulimi nje, anaomba maji! Hongo yetu, ushuru wa njia, hamjatulipa mpaka leo. Lete hapa!" Na kabla sijafungua mdomo, kofia ilikuwa juu ya kichwa chake, imekaa upande, na nasema kweli Dada, ilimpendeza kuliko mimi.

Sasa wewe umelelewa vizuri, unajua mtu hufanyaje akitaniwa. Ningenyamaza, ungenionea haya. Nikachukua sinia lake la maandazi, nikaliweka begani kama pembe, nikaanza kuwagawia watu huku nikitangaza kwamba hatimaye Wazaramo wamejifunza kukaribisha wageni, na kwamba babu zetu wangepewa hata andazi moja zamani zile, wasingewaita wachoyo njia nzima hadi Ujiji. Watu walishangilia. Walisukumana kutaka maandazi. Makarani walitoka kwenye mstari, matarishi wakawatangulia. Na ndipo gari liliposimama na mlango wa behewa la kwanza ukafunguliwa, na mgeni mkubwa akaiona Tabora kwa mara ya kwanza: mkalimani wa boma kichwa wazi na sinia begani, na mwanamke mwenye kofia ya kiume anamfukuza akimwita mpagazi.

Palikuwa na askari mmoja mgeni, mtu wa kusini, ndiyo kwanza amefika na hajui nani anatukanana na nani hapa mjini. Akamkamata Maua mkono ampeleke rumande. Nilijaribu kumwambia kwamba ni utani tu, lakini Dada, nakuambia kwa aibu, mdomo wangu ulikuwa umejaa andazi.

Hapo ndipo Bwana Mdogo anapoingia. Usimfikirie vibaya. Ni kijana wa Kizungu, masikio yameungua jua, msaidizi wa Bwana Shauri mkuu wa wilaya, na tangu aje tumeshirikiana vizuri. Ana tabia moja: hawezi kuona neno linapita bila kulisimamisha na kuliuliza linatoka wapi na linakwenda wapi. Kiswahili anajifunza kwangu, na Kiingereza changu ananinyoosha yeye, na asubuhi nyingine watu wamepanga mstari nje na mashauri yao huku sisi wawili tunabishana juu ya neno moja.

Nilimwendea nikamweleza kwamba sikuudhika. Nikamweleza utani ni nini, tangu zama za misafara, babu zetu walivyokuwa wakishuka pwani na mizigo wakipita kwa Wazaramo, wakigombana, wakipatana, wakizikana njiani, mpaka ikawa desturi kwamba Mzaramo na Mnyamwezi hawakasirikiani, na wakikutana lazima wachokozane. Alinisikiliza kwa upole sana. Kisha akasema kwamba na yeye shuleni kwao alikuwa akitukanwa na wenzake, akaambiwa ni mzaha, na haukuwa mzaha. Akaniambia: kwa hiyo naelewa kwa nini unataka kumsamehe, Bwana Hilari, lakini si lazima. Nikaona kijana huyu ananihurumia kwa jambo lililompata yeye.

Na hatari ikawa kubwa kuliko nilivyodhani. Akanieleza kwamba mwanamke asiye na mume wala mwajiri mjini, akifanya fujo mbele ya wageni, sheria inaruhusu arudishwe kwao. Gari la kwenda pwani lilikuwa Jumanne. Maua angepandishwa, na Tabora asingerudi tena bila kibali.

Shauri lilisikilizwa Jumatatu, barazani boma. Mkalimani mwenzangu alikuwa amekwenda Igunga kuzika, kwa hiyo mimi niliyevuliwa kofia ndiye niliyepaswa kutafsiri. Mlalamikaji hakuwepo, maana mimi sikulalamika. Ilikuwa kana kwamba amani yenyewe ndiyo iliyokwenda boma kushtaki. Kofia ilikuwa juu ya meza. Mzee Bernardo, yule katekista wa zamani, alikuwa amekaa upande kama mzee wa baraza. Velji aliitwa kuwa shahidi kwa kuwa naye alikuwepo stesheni kupokea majora yake. Na Maua alikuwa kwenye benchi, na miguuni pake bunda la nguo limefungwa tayari. Aliagiza nguo zake zote aletewe rumande, akatoka na bunda lile, Dada. Alikuwa amekwisha kujihesabu kuwa ameondoka.

Bwana Mdogo akasoma shtaka kwa Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na neno ambalo sikuwahi kulitafsiri maishani: *jeopardise*. Linasemwa jepadaizi. Mwanamke huyu ameijepadaizi amani ya stesheni. Nikajiambia, Hilari, hili bila shaka ni kuharibu. Nikajaza kifua nikatangaza kwamba Maua ameiharibu amani ya stesheni.

Mzee Bernardo akainua mkono. Akauliza imeharibika vipi, maana yeye amepita stesheni asubuhi ile ile na amani aliiona. Wapakiaji walikuwa wamelala juu ya magunia, na mbuzi mmoja kalala juu ya mpakiaji. Velji akacheka kwa pua. Nikayarudisha kwa Kiingereza yote, na mbuzi wake, na Bwana Mdogo akashtuka, akasema yeye hakusema imeharibika. Akaweka chini karatasi zake. Nikajua sasa shauri limesimama na darasa limeanza.

Alifafanua vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema mtu akiiweka bilauri ukingoni mwa meza, hajaivunja. Ipo nzima, na maji yake yamo. Lakini tangu saa ile bilauri inaishi kwa bahati. Hiyo ndiyo kazi ya neno lile. Akaendelea kwamba Waingereza hawalitumii kwa kila kitu. Huwezi kulisema kwa jiwe wala kwa takataka. Hulitumia kwa kitu ambacho mtu anacho au anakitumaini, na ambacho akikipoteza atajuta: kazi yake, afya yake, jina lake jema, mapatano yaliyokaribia kutimia, maisha ya mwenzake. Na mara nyingi, akasema, anayekiweka ukingoni si adui. Ni mwenyewe, kwa uzembe, au kwa woga, au kwa kuchelewa.

Nikayatafsiri yote hayo neno kwa neno, na niseme kwamba nilipofika kwenye kuchelewa, nililisema nikiangalia sakafu. Mzee Bernardo akasema, "Kumbe ni kuponza! Si useme kuponza, Hilari, mbona unatupitisha Urambo kwa neno la hapa hapa?" Akatoa na mifano: mdomo wa fulani umemponza, wema wa fulani umemponza. Bwana Mdogo alifurahi kama mtu aliyepewa asali kwenye sega. Akalirudia, kuponza, kuponza, na kwa kitambo tukasahau wote kwamba kuna mtu amekaa pale na bunda lake.

Ndipo Velji akapewa nafasi. Alisema hivi, nami namnukuu maana mji mzima unamnukuu: "Bwana Mkubwa, mimi mwaka wangu wa kwanza Tabora, hawa watu wakianza kutukanana, mimi nafunga duka mbio, naingia chini ya kitanda. Sasa mimi mzee. Mzaramo na Mnyamwezi wakitukanana, nafungua milango yote miwili. Wakipita hapa kimya, bila kutazamana, hapo ndipo nafunga." Akaongeza kwamba kofia ile ameiuza yeye, na kama Maua angeiona akaiacha juu ya kichwa cha Hilari, mji mzima ungeuliza hawa wawili wana ugomvi gani.

Maneno hayo yalimwingia Bwana Mdogo. Niliona. Lakini ni kijana mwangalifu, akawa na wasiwasi mwingine: kama mkalimani alilikosea neno la shtaka mwanzoni, je, amelielewa sasa? Maana asiyeelewa shtaka hawezi kuhukumiwa, na asiyeelewa neno hawezi kulifikisha. Akanigeukia kama mwalimu, akaniambia nitunge sentensi yangu mwenyewe yenye neno lile. Akataka iwe ya kweli, kutoka maisha yangu, si ya bilauri.

Dada, nilikuwa nayo sentensi. Nilikuwa nimeitengeneza kichwani, nzuri kabisa, juu ya dereva wa lori la pamba asiyetazama breki. Nikafungua mdomo kuisema, na macho yangu yakaanguka kwenye lile bunda. Lilikuwa limefungwa kwa kanga, mafundo mawili, kwa namna mtu anavyofunga asipotaka kufungua tena karibuni. Dereva na lori lake wakatoweka.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba kumpandisha mwanamke huyu gari la kesho kutaiponza furaha ambayo nimekuwa nikiitumaini, kwa sababu nataka kumwoa, na sijathubutu kumwambia.

Umeketi, Dada? Ndiyo hilo. Ndilo jambo lenyewe.

Barazani pale Kiingereza tulikijua Bwana Mdogo na mimi, na Velji kwa kuokoteza. Velji mdomo ulikuwa wazi. Bwana Mdogo masikio yake, ambayo yamezoea wekundu, yalipata wekundu mpya. Akasema polepole kwamba sentensi ni sahihi. Nami nilitaka iishie hapo. Lakini Mzee Bernardo akainama mbele. "Kasema nini? Tafsiri."

Nilimtazama Bwana Mdogo aniokoe. Maskini, aliangalia kofia, akaangalia dirisha, kisha akasema yale anayosema kila siku, na ambayo ni kweli: kila neno litakalosemwa barazani kwa lugha moja lazima lisikike kwa nyingine, na hasa linalomhusu mshtakiwa. Ningeweza kumrudisha yule dereva wa lori. Nani angenigundua, isipokuwa Velji, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya bei? Lakini nimekula kiapo cha kazi hii tangu nikiwa na nywele. Nikasimama wima, nikatumia ile sauti yangu ya barazani inayotoka tumboni, nikatangaza: "Mkalimani anasema kumpandisha mshtakiwa gari moshi kutaiponza furaha ya mkalimani. Mkalimani anasema anataka kumwoa mshtakiwa. Mkalimani anasema hajathubutu kumwambia."

Nje, kwenye ule mstari wa watu wenye mashauri, mtu mmoja akasema, Ala!

Maua hakunitazama. Alimtazama Bwana Mdogo, akasema aambiwe kwamba mpagazi huyu ni mwongo, na kwamba kwao pwani hata mtoto anajua neno la mtani haliaminiwi. Bwana Mdogo akauliza anasemaje. Nikatafsiri kwa Kiingereza: anasema mkalimani ni mwongo. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli mimi ni mwongo. Nikasema hapana, si mwongo. Na kwa kuwa sheria ni sheria, nikageuka nikalitafsiri na hilo. Nilimtazama yeye nilipolitafsiri. "Hapana, si mwongo."

Hapo Maua alinyamaza. Miaka yote hii mimi sijawahi kumsikia Maua akinyamaza.

Shauri lilifutwa. Bwana Mdogo alisema hakuna aliyelalamika, wala hakuna kilichowekwa ukingoni, na mshtakiwa ni huru, abaki Tabora auze kahawa yake kama kawaida. Alilisema kwa Kiswahili mwenyewe, bila mimi, na hakukosea isipokuwa alisema auze mbuni badala ya kahawa, nasi tukamsamehe. Nilimshukuru moyoni kwamba alilikata shauri kwanza, bila kungoja jibu la Maua kwangu. Mtu mwingine angelifunga pamoja.

Lakini Maua ni Maua. Alinikuta nje karibu na nguzo ya bendera, bunda kichwani, akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikaa. Akasema: kama ungeniambia siku ile ninakumiminia kahawa, ningejua ni wewe. Umeniambia askari akiwa mlangoni. Sasa nitajuaje kama ni kweli, au ni huruma, au ni utani mkubwa kuliko wote, wa kunilipa kofia?

Nilimjibu nikajikwaa. Nilimwambia kwamba kutoka Cheyo kwenda boma hakuna mtu mwenye akili timamu anayepitia stesheni, na mimi napitia stesheni kila asubuhi. Nilimwambia kahawa yenyewe inanipa kiungulia. Nilimwambia kwamba siku ile ya msiba, alipovaa kanga ya Josepha, wengine waliona anamwigiza marehemu, mimi niliona mtu anayejua kwamba marehemu alipendwa. Alinisikiliza. Halafu akasema mtani mwenye maneno mazuri ni hatari kuliko mtani mwenye matusi, akaniacha na nguzo.

Jioni alimtuma Velji. Ndiyo, Velji, nani mwingine ambaye si Mnyamwezi wala Mzaramo? Hilo ndilo tatizo alilolifikiria, na amelifikiria vizuri. Kila mzee ninayeweza kumtuma kwake ni mtani wake. Mzee Bernardo akienda, atamwita bibi wa kuuza kahawa ya mavumbi, na yeye atamnyang'anya viatu, na posa itaishia katika kicheko. Maneno yake, kama Velji alivyoyaleta na kuyaongezea viungo, ni haya: mlete dada yako wa Kaliua. Mwanamume anaweza kudanganya baraza, anaweza kumdanganya Mzungu, lakini hawezi kumpandisha dada yake mkubwa gari moshi na goti lake bovu kwa ajili ya mzaha. Akija, akiketi kwangu, akalisema jambo hili uso kwa uso bila kucheka, nitaamini na nitatoa jibu langu. Akicheka, basi ni utani, tutakunywa kahawa, na habari hii itakwisha.

Jibu gani atatoa, hakusema. Velji alijaribu kumchimba akashindwa, na Velji ameshindwa na watu wachache.

Kwa hiyo Dada, ninakuomba uje. Najua ulimpenda Josepha kama mdogo wako wa tumbo moja, na sikuandika haya kwa wepesi. Najua pia utaniuliza juu ya dini. Ni Mkristo, Mlutheri wa Maneromango. Nimekwisha kumwona Padri. Alikohoa kwa muda mrefu, akasema kuna taratibu, lakini hakunifukuza. Marcelina nimemwandikia, amejibu kwa mstari mmoja kwamba alishangaa nimechelewa hivyo, na kwamba niache kuvaa lile koti.

Njoo Alhamisi ukiweza, shemeji akuruhusu. Nitakupokea jukwaani. Maua naye atakuwa pale na birika lake, na nakuonya mapema: atakuita mjukuu wa wapagazi, mjibu. Atakuvuta mtandio, mwachie. Atasema goti lako limeharibika kwa kukimbia deni la hongo, na hilo nalo mjibu, unalo jibu, najua. Tukaneni jukwaa zima mpaka wapakiaji waamke. Lakini mkishaingia chumbani kwake, akikumiminia kahawa na kukaa mbele yako mikono magotini, utamwona anakutazama macho tu, kama anayesikiliza mlango. Hapo ndipo nakuomba. Nifikirie mimi, na umri wangu, na nyumba ilivyo kimya jioni, na useme: mdogo wangu anakuposa. Basi. Uso ukaze. Nikiwa mtoto ulikuwa ukinitazama namna hiyo nikivunja chungu.

Ukishalisema, mwache anyamaze kadiri atakavyo. Mimi nitakuwa nje ukutani, nasikiliza.

Msalimie sana Shemeji Alois, na umwambie nimemtafutia dawa ya kifua kwa Nasim wa duka la dawa. Wasalimie majirani waliokuuliza habari zangu, na wale ambao hawakuuliza wasalimie pia, maana wataisikia. Velji anakusalimu, anasema gauni la safari anakuchagulia yeye, nami nimemkataza. Bwana Mdogo anakusalimu, na kila asubuhi ananiuliza kama nimekwisha kukuandikia.

Mungu akulinde njiani na akupe uso mkavu.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,

Hilari Kashindye